Mkasi wa Cas13 na virusi vya mbu: kinachokatwa na kisichoguswa

Kipimo cha haraka cha malaria ni kijiplastiki cheupe chenye kitundu cha kudondoshea damu na kidirisha cha kusomea majibu. Mstari ukitokea kwenye C peke yake, kipimo kimefanya kazi na malaria haikuonekana. Kwa mtu mwenye homa ya nyuzi 39, macho yanayouma kwa nyuma na viungo vilivyokaza, mstari ule mmoja haumpi nafuu yoyote. Si malaria, sasa ni nini? Dar es Salaam iliwaona wengi wa hivyo kwenye mlipuko wa dengi wa 2014, na tena 2019, mwaka ambao wagonjwa waliothibitishwa nchini walipita 6,000. Waliondoka zahanati na paracetamol, agizo la kunywa maji kwa wingi, na onyo la kutogusa aspirini wala ibuprofen kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, rudi haraka.

Hapakuwa na uzembe hapo. Hiyo ndiyo tiba iliyopo, iwe Muhimbili au hospitali kubwa kuliko zote za Ulaya. Dengi haina dawa ya kuua virusi vyake. Chikungunya haina. Zika haina. Homa ya Bonde la Ufa haina. Daktari anamwangalia mgonjwa asipungukiwe maji na damu, na mwili wenyewe ndio unaopigana.

Kwa hiyo ikija habari kwamba watafiti wanatumia zana za kuhariri jeni kutibu dengi, watu wanaipokea kwa matumaini na hofu kwa wakati mmoja. Swali ninaloulizwa kila mara ni lilelile: dawa hiyo haitanibadilisha jeni zangu mimi, na za wanangu? Ni swali la haki kabisa. Jibu ni hapana, na ukielewa kwa nini ni hapana umeshaelewa nusu ya jambo zima. Tulifuate taratibu.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Chini ya neno CRISPR, jina la zana hizo za kuhariri jeni, kumekusanywa kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kubadilisha DNA ya mtu. Uingereza iliidhinisha tiba ya namna hiyo kwa selimundu Novemba 2023: seli za uboho hutolewa mwilini, hukatwa maabara mahali maalumu kwenye jeni, kisha hurudishwa kwa mgonjwa. Mwaka 2025 mtoto mchanga wa Philadelphia alitengenezewa dawa yake peke yake, ikaenda kurekebisha kosa kwenye jeni ndani ya ini lake. Mabadiliko hayo hudumu ndani ya seli zilizoguswa, na ndicho kinachokusudiwa, maana ugonjwa wenyewe umeandikwa kwenye DNA. Kazi ya pili ni kubadilisha jeni za mbu ili asizaliane au asibebe vimelea; huo ni mjadala mzito wenye watu wake, na hapa naupita. Kazi ya tatu ndiyo yetu leo: kumwingia kirusi akiwa ndani ya seli ya mgonjwa na kumkatakata, bila kugusa DNA ya mtu wala ya mbu.

Zana zenyewe hazikubuniwa na binadamu. Bakteria nao hushambuliwa na virusi, na baadhi yao wana kinga ya ajabu. Bakteria aliyenusurika huchukua kipande cha jeni za kirusi yule na kukihifadhi kwenye DNA yake, kama mwenye duka anavyoandika kwenye daftari jina la mdaiwa aliyemtoroka. Kisha nakala za vile vipande hukabidhiwa protini zinazoitwa Cas, nazo huzunguka ndani ya bakteria zikilinganisha. Ikipatikana jeni inayolingana na nakala, protini inakata. Mwaka 2012 Jennifer Doudna, Emmanuelle Charpentier na wenzao walionyesha kwamba protini moja kati ya hizo, Cas9, inaweza kupewa jina lolote utakalo na ikaenda kukata hapohapo. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2020.

Cas9 hukata DNA. Hapo ndipo habari nyingi za magazeti zinapochanganya mambo, kwa sababu virusi vya dengi, Zika, chikungunya, homa ya manjano na Bonde la Ufa havina DNA hata kidogo. Vimeandikwa kwa RNA.

Tofauti hiyo inastahili kupewa nafasi. Fikiria ofisi ya ardhi yenye hati asilia zilizofungiwa kabatini. Hakuna anayezitoa nje. Kazi ya kila siku inafanywa kwa nakala: mtu anatoa nakala ya ukurasa anaoutaka, anaupeleka dirishani, unatumika, kesho umeshatupwa. DNA ni hati ya kabatini, na kabati ni kiini cha seli. RNA ni nakala zinazozunguka. Seli imezoea kupokea nakala na kuzitekeleza bila maswali, na kirusi cha dengi kinafaidi mazoea hayo. Kinaingia kikiwa na utepe mmoja wa RNA, unaofanana na nakala halali, na mitambo ya seli inausoma na kutengeneza protini moja ndefu ambayo baadaye hukatwa kuwa kumi. Tatu kati ya hizo hujenga umbo la kirusi kipya. Saba hufanya kazi ya kunakili utepe na kuipumbaza kinga ya mwili.

Utepe wote una herufi kama 10,700. Makala hii unayoisoma ina herufi nyingi kuliko hizo. Kitu kifupi kiasi hicho kinatosha kumlaza mtu mzima wiki nzima.

Na utepe huo hauendi kabatini. VVU hufanya hivyo: hugeuza RNA yake kuwa DNA na kujipachika kwenye jeni za mtu, ndiyo maana ni vigumu mno kumwondoa. Virusi vya dengi havipachiki chochote. Vinaanza, vinaongezeka na kuondoka vikiwa RNA. Ukimpeleka Cas9 kuwatafuta, atazunguka seli nzima asikute cha kukata.

Mwaka 2015 na 2016 makundi ya watafiti Marekani, yakiwemo ya Eugene Koonin na Feng Zhang, yalieleza ndugu mwingine wa Cas anayeitwa sasa Cas13. Mmoja wa kwanza kuchunguzwa alitoka kwa bakteria wa jamii ya Leptotrichia, ambao baadhi yao huishi kinywani mwa binadamu. Cas13 hukata RNA, wala hana habari na DNA. Ndiyo sababu ya lile jibu la hapana: mkasi huu hauwezi kukata hati ya kabatini kwa vile haujaumbwa kuishika. Hata ukikosea, utaharibu nakala, na seli hutoa nakala mpya.

Tuutazame ukifanya kazi. Utepe wa kirusi cha dengi aina ya 2 unaanza hivi:

AGUUGUUAGUCUACG

Kwenye RNA, A hushikana na U, na G hushikana na C. Kwa hiyo maabara wakitaka kulenga mahali hapo, wanatengeneza kipande cha RNA elekezi ambacho kila herufi yake ni mwenza wa hiyo ya juu:

UCAACAAUCAGAUGC

Elekezi halisi huwa refu zaidi, karibu herufi 28 au 30 kutegemea aina ya Cas13, lakini kanuni ni hiyohiyo. Kipande hiki kinapachikwa kwenye protini. Protini inapita ikigusa RNA moja baada ya nyingine, na pale herufi zote zinapokubali kushikana, inajikunja, inageuza umbo na kuanza kukata. Utepe uliokatwa hausomeki. Kirusi kimekwisha kabla hakijazaa.

Sasa tazama aina ya 4 ya dengi mahali palepale:

AGUUGUUAGUCUGUG

Herufi mbili tu zimebadilika, ya 13 na ya 14. Dengi ina aina nne, na ukiugua moja unabaki na kinga ya kudumu dhidi ya hiyo moja. Ukishikwa baadaye na aina nyingine, kingamwili ulizonazo zinaweza kushindwa kuikamata sawasawa na badala yake zikaisaidia kuingia kwenye seli, na ugonjwa ukaja kwa ukali zaidi. Jambo hilo limewasumbua watengeneza chanjo kwa miongo. Cas13 haitegemei kingamwili, kwa hiyo haibebi hatari hiyo, na mtafiti anachohitaji ni kuchagua mahali kwenye utepe ambapo aina zote nne zinafanana, au kutuma elekezi kadhaa kwa pamoja. Protini haibadiliki, kinachobadilika ni kipande kifupi cha herufi. Kwa maoni yangu huu ndio uzuri mkubwa wa mbinu hii. Dawa ya kawaida ya virusi hutafutwa kwa miaka, kemikali moja baada ya nyingine. Hapa ukishajua herufi za adui, umeshajua silaha.

Utaona pia kwamba neno kuhariri halifai hapa. Anayehariri anasahihisha maandishi ili yasomeke vizuri. Cas13 inachana karatasi. Ningependa waandishi wa afya waache kusema "kuhariri jeni" wanapoizungumzia dawa ya dengi, maana neno hilo moja linamtisha mama mjamzito bila sababu.

Je, imefanya kazi? Kwenye vyombo vya maabara, ndiyo. Mwaka 2019 kundi la Pardis Sabeti wa Taasisi ya Broad, Marekani, lilionyesha kwamba Cas13 hupunguza virusi vitatu tofauti vya RNA, mafua yakiwemo, ndani ya seli zilizooteshwa. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyoelekeza Cas13a kwenye sehemu ya utepe wa dengi inayotengeneza protini NS3, na kirusi kikadhoofika sana. Mwaka uliofuata watafiti wa Thailand, nchi inayoijua dengi kuliko wengi wetu, walitumia Cas13b kwenye seli zilizotoka moja kwa moja kwa watu. Na mwaka huohuo wa 2021 Philip Santangelo na wenzake wa jimbo la Georgia, Marekani, walivuka hadi kwa wanyama hai: walitengeneza mvuke wenye maagizo ya kuunda Cas13, panya wenye mafua wakauvuta, hamsta wenye virusi vya korona wakauvuta, na virusi vikapungua mapafuni.

Mapafuni. Neno hilo ndilo linalotenganisha mafanikio yale na dengi. Mapafu yanafikika kwa kuvuta hewa. Kirusi cha dengi kimo kwenye damu, kwenye seli za kinga zinazozunguka mwili mzima, kwenye ini. Chikungunya hujichimbia kwenye misuli na viungo. Zika huingia kwenye kondo la nyuma na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mkasi upo, mkali, lakini haujapata njia ya kufika.

Cas13 ni protini kubwa. Ukiimeza kama kidonge, tumbo litaimeng'enya kama kipande cha nyama. Ukiidunga ilivyo, haipenyi ukuta wa seli. Inabidi ibebwe. Wabebaji wanaofahamika zaidi ni wawili. Mmoja ni kirusi kidogo kisicho na madhara kiitwacho AAV, kilichotolewa jeni zake na kupakiwa jeni ya Cas. Kikishaingia kwenye seli kinaweza kuendelea kutengeneza protini hiyo kwa miezi au miaka. Kwa ugonjwa wa kudumu wa macho hilo ni jema, na kwa kweli Cas13 ndani ya mwili wa mtu imeanza kujaribiwa China kwa ugonjwa wa macho. Lakini dengi ni ugonjwa wa wiki moja. Kumwachia mtu mkasi mwilini kwa miaka kwa ajili ya homa ya siku saba ni mpango ambao mimi singeukubali kwa ndugu yangu.

Mbebaji wa pili ni vitone vya mafuta vidogo mno, vilevile vilivyobeba chanjo za korona za mRNA. Ndani yake hawekwi Cas13 mwenyewe bali maagizo ya kumtengeneza, na maagizo hayo huoza ndani ya siku chache. Kwa ugonjwa mfupi, muda huo unafaa kabisa. Tatizo ni kwamba vitone hivyo vikidungwa kwenye mshipa, vingi huishia kwenye ini. Yule mtoto wa Philadelphia alisaidika kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa kwenye ini hasa. Kuvifundisha kwenda kwenye seli za kinga, au kwenye kifundo cha mguu kilichovimba kwa chikungunya, ni kazi inayoendelea, na ndipo fedha na vichwa vingi vilipoelekezwa. Juu ya hapo kuna suala la ubaridi. Tulioona jinsi chanjo za mRNA zilivyodai majokofu maalumu tunajua maana yake kwa kituo cha afya ambacho umeme unakatika Jumatatu na kurudi Jumatano.

Kuna ugumu wa pili ambao kwa upande wangu ni mzito kuliko wa njia. Ni wa wakati.

Mtu akiumwa na mbu mwenye dengi, hupita siku 4 hadi 10 bila kuhisi kitu. Homa inapanda. Siku zilezile za mwanzo, wakati yeye bado anadhani ni uchovu au malaria, virusi kwenye damu viko kileleni. Kufikia siku ya tano hivi vimeshaanza kupungua. Kisha homa inashuka, familia inashukuru Mungu, na hapo ndipo kwa wachache hatari inapoanza: mishipa midogo inavujisha maji ya damu, presha inaporomoka. Kinachomwangusha mgonjwa saa zile si wingi wa virusi tena, ni vurugu ambayo virusi vimeiacha nyuma. Dawa ya kukata virusi ikifika siku hiyo inakuta kazi imeshafanyika. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Hili si la kubuni. Dawa za kawaida za kuzuia virusi zimeshajaribiwa kwa wagonjwa wa dengi Vietnam na Singapore katika muongo uliopita, balapiravir na celgosivir, na zote mbili hazikupunguza virusi wala homa kwa namna ya kuridhisha. Cas13 akija na mlango uleule, saa ileile, atakumbana na yaleyale hata awe mkali kiasi gani.

Ndiyo maana naona watu wa kwanza kufaidika huenda wasiwe wagonjwa, wawe majirani wao. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, ni mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, anauma mchana, na hasafiri mbali. Anazaliwa kwenye kisahani cha chungu cha maua, kwenye tairi lililotupwa nyuma ya gereji, kwenye kifuu cha nazi chenye maji ya mvua ya juzi. Ukiinama ukatazama utawaona viluwiluwi wakijinyonganyonga kupanda juu kuvuta hewa. Mmoja akiugua nyumbani, walio chumba cha pili na nyumba ya pili wako kwenye foleni. Kinga ya muda mfupi, ya wiki mbili tu, kwa watu hao ingekata mnyororo. Kampuni ya Johnson & Johnson ilikuwa na kidonge cha namna hiyo, si cha Cas13 bali kemikali ya kawaida, kilichokuwa kikijaribiwa kwa kuzuia dengi, na mwaka 2024 ikakisitisha kwa kupanga upya vipaumbele vyake. Nafasi hiyo iko wazi.

Lakini kumkinga jirani kunadai ujue mapema kwamba mgonjwa ana dengi. Na hapa kuna jambo la Cas13 nililolinyamazia hadi sasa, ambalo lilionekana kama kasoro likageuka kuwa zawadi.

Cas13 akishampata kirusi anayemtafuta na kumkata, hatulii. Anaendelea kukata RNA yoyote iliyo karibu naye, hata isiyofanana na elekezi. Kwa bakteria hilo lina maana: seli iliyoshambuliwa inazima shughuli zake zote, hata ikifa, ili kirusi kisisambae kwa wenzake. Kwa seli ya binadamu halipendezi. Mwanzoni ilidhaniwa halitokei kwenye seli zetu. Baadaye likaonekana kwenye baadhi. Tangu 2022 kuna Cas13 zilizorekebishwa ili zikate kilicholengwa na kuacha vingine. Hakuna dawa itakayoruhusiwa kwa watu bila suala hili kumalizwa vizuri.

Ila weka tabia hiyohiyo kwenye kitone cha maji badala ya mwili. Changanya Cas13 mwenye elekezi la dengi na vipande vya RNA vilivyotiwa alama. Ongeza sampuli ya mgonjwa. Kama kirusi kimo, hata kwa uchache mno, Cas13 anaamka na kukatakata vile vipande vyote, alama zinaachiliwa, na mstari unatokea kwenye karatasi. Mwaka 2017 mbinu hii, iliyopewa jina SHERLOCK, ilionyeshwa ikitambua Zika na dengi. Mwaka 2018 ikarahisishwa hadi kusoma virusi hivyo kutoka kwenye mkojo, mate na damu bila ile kazi ndefu ya kusafisha RNA kwanza. Ukiniuliza ni tunda gani la zana hizi litakaloifikia zahanati ya Temeke au Likoni mapema, nitakujibu hili, kabla ya dawa yoyote.

CRISPR imesaidia kwa njia nyingine pia ambayo wengi hawaisikii. Ili kirusi kiingie kwenye seli kinahitaji mlango. Watafiti wa St. Louis, Marekani, walichukua seli nyingi na kutumia Cas9 kuzima jeni moja kwenye kila seli, kila seli jeni yake, kisha wakazimwagia virusi vya chikungunya. Seli ambazo kirusi hakikuziambukiza ndizo zilizokosa mlango. Mwaka 2018 wakautaja: protini iitwayo MXRA8, iliyo juu ya seli zetu, ambayo kirusi cha o'nyong'nyong, ndugu wa chikungunya, nacho huitumia. Baadaye ikagundulika kwamba ng'ombe wana protini hiyohiyo lakini imeongezwa kipande kidogo kinachoziba tundu, na kirusi hakishiki. Ukijua mlango ulipo unaweza kutengeneza komeo, na huhitaji kukata kitu.

Majina haya ya magonjwa si ya kigeni kwetu. Chikungunya ni neno la Kimakonde la kitu kinachompinda mtu, kwa sababu wagonjwa wa Newala na uwanda wa Makonde mwaka 1952 hawakuweza kusimama wima. Zika ni msitu karibu na Entebbe, ambako kirusi kilipatikana kwa kima mwaka 1947. O'nyong'nyong ni neno la Waacholi, kutoka mlipuko wa 1959. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kutoka kwa kondoo wa karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hata dengi, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, inatokana na kidingapopo, au kidinga pepo kama daktari James Christie alivyoliandika baada ya mlipuko wa Unguja miaka ya 1870. Ingawa wapo wanahistoria wa tiba wanaoamini kwamba ugonjwa ule wa Unguja ulikuwa chikungunya yenyewe.

Silileti hili kwa ajili ya fahari. Nalileta kwa sababu ya herufi. Virusi vya RNA hukosea sana vinapojinakili, na kila kosa ni nafasi ya kulikwepa elekezi. Mfano mmoja tunaufahamu kwa karibu. Mwaka 2004 chikungunya iliripuka Lamu, na uchunguzi uliofanyika baadaye ulikadiria kwamba watu wengi zaidi ya nusu ya mji waliambukizwa. Ikashuka Mombasa, ikavuka Komoro, na 2005 hadi 2006 ikafika Réunion na kuwaambukiza karibu theluthi ya wakazi wa kisiwa. Huko njiani kirusi kilibadilisha kiungo kimoja tu kwenye protini yake ya nje, nafasi ya 226, na badiliko hilo dogo likakiwezesha kusafiri vizuri ndani ya mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus, anayeishi hadi Ulaya.

Elekezi lililoandikwa kwa herufi za kirusi cha Brazil au Thailand linaweza kukosea kwa herufi mbili pale Ilala, kama tulivyoona aina ya 2 na ya 4 zikitofautiana kwenye mstari mmoja mfupi. Maabara za Entebbe, Nairobi na Kilifi zina mashine za kusoma herufi hizo na watu wanaojua kuzitumia. Mlipuko unapotokea, sampuli za wiki ya kwanza ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu ndizo zenye virusi vingi, na ni zilezile ambazo kwa kawaida humwagwa mara kipimo cha malaria kinapoonyesha mstari mmoja.